Kabla AFCON haijafika Arusha, tuitazame Korhogo na Mbombela

Katika AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, Taifa Stars haikucheza hata mechi moja Abidjan. Januari 17 ilifungwa 3-0 na Morocco mjini San-Pédro. Januari 21, hapo hapo San-Pédro, Simon Msuva alitufungia dakika ya 11, tukalilinda bao lile hadi dakika ya 88 Patson Daka aliposawazisha kwa kichwa, na kilichouma zaidi ni kwamba Zambia walikuwa pungufu tangu kipindi cha kwanza. Januari 24 timu ikapelekwa kaskazini, Korhogo, ikatoka suluhu na DR Kongo, na safari yetu ikaishia huko.

Maana yake ni kwamba mashindano yetu yote, pamoja na matumaini na kelele zake zote, yalibebwa na miji miwili ambayo mashabiki wengi wa Tanzania hawakuwa wamewahi kuisikia. Mimi ni mtu wa Arusha. Labda ndiyo maana kila kamera ilipotoka uwanjani na kuonyesha barabara za Korhogo, nilitazama kwa makini kuliko nilivyotazama mpira wenyewe. Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zimeshapewa AFCON ya 2027, na nilijua zamu yetu inakuja. Wakati huo niliyemwona kwenye skrini hakuwa mgeni. Nilimwona mtu wa mji wa ukubwa wa kwetu akiwa kazini.

Tuzungumzie hiyo kazi, kwa sababu watu wengi wanadhani mji ukishapewa uwanja umemaliza. AFCON ina timu 24 tangu 2019, makundi sita ya timu nne nne. Mji ukikabidhiwa kundi, umekabidhiwa timu nne kwa takriban wiki mbili. Kila timu inataka hoteli yake, isiyochanganywa na mpinzani. Kila timu inataka kiwanja chake cha mazoezi, chenye nyasi zinazofanana na za uwanja wa mechi, na pasiwe na mtu wa kuchungulia kwenye uzio. Waamuzi nao wana hoteli yao, maofisa wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, wana yao, wapiga picha na watangazaji wanalala popote panapopatikana. Hospitali ya mkoa lazima iwe na kitanda na daktari vinavyosubiri. Umeme usikatike dakika moja, maana taa zikizimika bara zima linaona. Na siku ya mwisho ya makundi mechi mbili za kundi moja huchezwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo timu mbili zinabaki na mbili zinahamishiwa mji mwingine. Ndivyo Stars na DR Kongo walivyojikuta wakitolewa San-Pédro, pwani ya kusini-magharibi, hadi Korhogo, upande mwingine kabisa wa nchi. Mji mmoja unaaga timu asubuhi na mji mwingine unapokea jioni, ukiwa tayari na wageni wake.

Jiji kubwa halisikii uzito huu. Abidjan ina hoteli za kutosha hata bila AFCON, ina viwanja, ina hospitali za rufaa. Mechi ikiisha, mji unaendelea na shughuli zake. Mji mdogo unashikwa wote. Anayeuza mkaa, anayeendesha bodaboda, mwalimu ambaye shule yake imetazamana na kiwanja cha mazoezi, wote wamo.

San-Pédro ni mji wa bandari, na kakao inayosafirishwa kutoka pale inakwenda viwanda vya dunia nzima. Uwanja wake wa watu 20,000 umepewa jina la Laurent Pokou, mshambuliaji aliyewafunga Ethiopia mabao matano katika mechi moja ya AFCON ya 1970. Korhogo ni mji wa kaskazini, kwenye ukanda wa pamba, korosho na maembe, na uwanja wake, nao wa watu 20,000, una jina la Amadou Gon Coulibaly, waziri mkuu aliyefariki 2020, mtu wa huko huko. Vyote viwili vilijengwa vipya kwa ajili ya mashindano. Barabara ya pwani kutoka Abidjan hadi San-Pédro, iliyokuwa imechakaa vibaya, ilikarabatiwa upya kabla ya mpira kuanza. Na badala ya kujaza mji kwa hoteli ambazo zingekosa wageni baadaye, serikali ilijenga mitaa ya nyumba za kawaida kwa ajili ya kulaza timu, kwa hesabu kwamba wachezaji wakiondoka, nyumba zinabaki kuwa nyumba. Huo ni uamuzi ninaouheshimu sana.

Pamoja na viwanja sita vya mechi, Ivory Coast iliandaa viwanja 24 vya mazoezi. Nitarudi kwenye namba hiyo, kwa maana kwangu ina uzito kuliko ile sita.

Siwezi kuacha kuitaja Bouaké. Mji ule wa katikati ya nchi ndio uliokuwa makao ya waasi Ivory Coast ilipogawanyika vipande viwili kuanzia 2002. Juni 2007 Didier Drogba na wenzake walicheza pale mechi ya kufuzu dhidi ya Madagascar, wakashinda 5-0, na nchi iliyokuwa inaogopa kukanyaga Bouaké ikaiona kwenye televisheni ikicheka. Miaka 17 baadaye, katika robo fainali ya AFCON dhidi ya Mali, wenyeji walibaki kumi, wakafungwa, Simon Adingra akasawazisha dakika ya 90, na Oumar Diakité akafunga bao la ushindi pumzi za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Palikuwa Bouaké hapo pia. Kombe lilinyanyuliwa Abidjan siku nane baadaye, lakini bila usiku ule wa Bouaké lisingenyanyuliwa na Ivory Coast. Na Korhogo ndiko Namibia walikopata ushindi wao wa kwanza katika historia ya AFCON, Deon Hotto akiwaliza Tunisia kwa kichwa dakika ya 88. Mnamibia yeyote anayependa mpira ataijua Korhogo hadi anazeeka.

Kwa hiyo sisemi kwamba mji mdogo haupati kitu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninachouliza ni hiki: mwenyeji anapona nini hasa, na kupona huko kunadumu mpaka lini? Na hapo ndipo lazima twende Afrika Kusini, kwa sababu hawa wametutangulia miaka mingi na matokeo yake yote yako wazi.

Kombe la Dunia la 2010 lilichezwa katika miji tisa. Johannesburg, Cape Town na Durban tunaijua. Tuiangalie miwili midogo: Nelspruit, ambayo sasa inaitwa Mbombela, na Rustenburg.

Mbombela ni mji wa matunda na watalii, lango la hifadhi ya Kruger. Msomaji wa Arusha atajiona hapo haraka. Walijengewa uwanja wa watu wapatao 40,000, mzuri kweli kweli, nguzo zinazoshika paa zimechongwa kwa umbo la twiga na viti vimepangwa vionekane kama mistari ya pundamilia. Kombe la Dunia liliwapa mechi nne, zote za makundi. Nne mara dakika 90 ni saa sita. Uwanja mzima, kwa upande wa FIFA, ulikuwa wa saa sita za mpira.

Ujenzi wake uliacha vidonda. Shule mbili zilizokuwa kwenye eneo hilo zilichukuliwa, majengo yake yakawa ofisi za mkandarasi, na watoto wakahamishiwa madarasa ya muda yenye joto kali. Waliahidiwa shule mpya, ahadi ikachelewa, wakaandamana barabarani na sare zao. Ardhi yenyewe ilikuwa ya jamii ya Matsafeni, na kuna mpango uliotaka ipatikane kwa randi moja. Mahakama iliukataa, na jaji akaufananisha na wakoloni waliochukua ardhi za wenyeji kwa kuwapa vifungo vya nguo na vioo. Spika wa baraza la halmashauri, Jimmy Mohlala, alisimama hadharani kupinga uchafu katika zabuni za uwanja. Januari 2009 alipigwa risasi nyumbani kwake na kufa. Naandika jina lake hapa kwa makusudi. Watu wanapotaja Mbombela kwa sababu ya twiga na pundamilia, nataka na yeye atajwe.

Katika AFCON ya 2013 uwanja ule ule ulipewa mechi nyingine, na nyasi zikawasaliti. Walimwaga mchanga mwingi kuokoa hali, mpira ukawa haudundi, wachezaji wakalalamika, na bara zima likaona kiwanja cha Kombe la Dunia kikiwa kama cha mchangani. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba anayetunza nyasi ni mtu muhimu kuliko anayekata utepe. Uwanja haufi kwa kuta kubomoka. Hufia chini, kwenye nyasi, kwenye mabomba ya maji, kwenye mashine ya kukatia iliyoharibika ikakosa kipuri.

Lakini nikiwa mkweli, Mbombela haijafa. Raga inachezwa pale, TS Galaxy wanacheza pale, na Julai 2024 Yanga walikwenda pale kucheza na Augsburg ya Ujerumani. Wananchi walifungwa 2-1 siku hiyo, na nadhani wengi waliotazama hawakujua kwamba wanatazama uwanja wenye historia nzito namna ile. Kilichoufanya uendelee kuishi ni kwamba kuna watu wenye sababu ya kuufungua mlango wake mara kwa mara.

Rustenburg ni kisa kingine. Uwanja wa Royal Bafokeng haukujengwa kwa ajili ya 2010. Ulikuwepo tangu 1999, mali ya jamii ya Wabafokeng yenye utajiri wa madini ya platinamu, ukapanuliwa tu. Jamii ikamiliki na timu, Platinum Stars. Kila kitu kilikuwa sawa: uwanja, fedha, timu ya ligi kuu. Halafu 2018 timu ikauzwa, ikahamishiwa Cape Town na kubadilishwa jina. Uwanja ulioshuhudia Ghana wakiitoa Marekani kwenye hatua ya 16 bora ukabaki bila timu yake ya nyumbani. Nikisikia kiongozi wetu yeyote akisema "tukishajenga uwanja timu zitakuja zenyewe," namkumbuka mtu wa Rustenburg.

Sasa Arusha.

Mkataba wa uwanja wetu mpya ulisainiwa Machi 2024, uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti, uliopewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Jiji lina watu zaidi ya laki sita kwa sensa ya 2022. Tuna uwanja wa ndege wa KIA kwa wageni wa mbali na ule mdogo wa Kisongo kwa ndege za ndani. Tuna ukumbi wa AICC na uzoefu wa miongo mingi wa kupokea mikutano ya marais. Kusema kweli, miongoni mwa miji isiyo mikuu ya Afrika Mashariki, sidhani kama kuna unaojua kupokea wageni kuliko Arusha.

Na hapo hapo ndipo penye hofu yangu. Tumezoea mgeni wa aina moja. Mashindano yanapangwa kufanyika Juni na Julai 2027, na kila mtu wa Arusha anajua miezi hiyo ina maana gani: ndiyo msimu wa juu wa watalii, nyumbu wanaelekea kaskazini mwa Serengeti, magari ya safari yamejaa barabarani kuanzia alfajiri. Vyumba vizuri huwa vimeshashikwa na makampuni ya utalii mapema sana. Timu zitapata hoteli, hilo sina shaka, serikali itahakikisha. Shabiki je? Kijana aliyetoka Lusaka kwa basi, au aliyetoka Tabora na jezi moja na nauli ya kurudi, atalala wapi kwa bei ipi? Gesti za Kaloleni, Ngarenaro na Unga Limited ndizo zitakazombeba, na hizo hazimo kwenye vipeperushi vya mtu. Ningependa kuona jiji likizisaidia mapema: maji ya uhakika, ukaguzi wa haki, bei zilizobandikwa mlangoni. Shabiki akilala vizuri Ngarenaro na kula vizuri, atarudi kwao na kusimulia, na mwaka unaofuata atakuja mwingine asiye na habari na nyumbu.

Jambo jingine dogo lakini la kweli: Juni na Julai Arusha ni baridi. Wale wanaodhani Afrika Mashariki ni joto tu watakuja na fulana. Mechi ya usiku Olmoti, kwenye mwinuko wa mita takriban 1,400, upepo ukishuka kutoka Meru, utataka koti. Wauza mitumba wa Kilombero wajiandae na masweta, hii ni biashara ya wazi kabisa.

Kuhusu wafanyabiashara wadogo nina neno zito kidogo. Afrika Kusini mwaka 2010, FIFA iliweka maeneo kuzunguka viwanja ambamo muuzaji asiye na kibali cha mdhamini hakuruhusiwa. Akina mama waliokuwa wakiuza chakula nje ya viwanja kwa miaka mingi waliondolewa siku ambazo biashara ingewalipa kuliko siku zote. Yalikuwa mashindano ya nyumbani kwao, na waliyasikiliza kutoka mbali. AFCON nayo ina wadhamini, na wadhamini wana masharti yao. Ninachoomba ni kwamba mistari hiyo ichorwe mapema na hadharani, na ndani au kando yake zitengwe sehemu za mama lishe wa Arusha, zenye maji, taa na choo, zigawiwe kwa utaratibu ambao kila mtu anauona. Mgeni anapotafuta nyama choma, ndizi na loshoro, asielekezwe kwenye hema la kampuni iliyotoka mbali. Watu wanaojua kuvipika wako Sakina na Kwa Mrombo.

Je, Arusha itajaza uwanja? Mimi sina wasiwasi. Julai 2022 fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na Coastal Union ilichezwa Sheikh Amri Abeid. Abdul Suleiman "Sopu" aliifungia Coastal mabao matatu, mechi ikaisha 3-3, Yanga wakachukua kombe kwa matuta. Uwanja ulijaa hadi watu wakakaa mahali ambapo hapakuwa pa kukaa. Mji huu unaupenda mpira na umenyimwa mpira. AFC, klabu ya soka ya Arusha, ilishuka daraja miaka mingi iliyopita, Oljoro JKT nao wakashuka baada yao, na tangu hapo tumekuwa watu wa kusubiri Simba na Yanga wapite kama wageni. Mwenye jina la uwanja wetu wa zamani, Sheikh Kaluta Amri Abeid, alikuwa mshairi na alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Ukiujua uwanja ule vizuri utajua kwamba unastahili heshima zaidi ya kuachwa uwe kituo cha mikutano ya hadhara mara mwenzake wa Olmoti atakapoanza kazi.

Ndiyo sababu, mtu akiniuliza ninataka nini kutoka AFCON 2027, sianzi na uwanja mkubwa. Uwanja mkubwa umeshapata jina, umeshapata mkandarasi, kila kiongozi anayepita anapiga picha pale. Ninataka viwanja vya mazoezi. Nilisema nitarudi kwenye ile 24 ya Ivory Coast. Timu nne zikiletwa Arusha, panahitajika viwanja vinne vya mazoezi vyenye nyasi nzuri, mifereji ya kupitisha maji chini, mabomba ya kumwagilia, vyumba vya kubadilishia nguo, uzio na taa. Uwanja wa watu 30,000 mtoto wa Sombetini ataingia mara chache katika maisha yake, tena kwa tiketi. Kiwanja cha mazoezi kikiwa jirani na shule yake, ataingia kila Jumanne.

Angalia ramani ya jiji hili miaka 20 iliyopita na sasa. Sehemu za wazi tulizochezea zimekuwa nyumba, maghala, vituo vya mafuta. Watoto wa Muriet na Olasiti wanacheza barabarani, na gari likija mpira unasimama. Soka la mchangani bado lina nguvu, ndondo zinajaza watu kila jioni, lakini kiwanja chenyewe ni vumbi na mawe, na kila mwaka kinapungua upana kwa hatua chache. Katika hali hiyo, viwanja vinne vya kiwango cha CAF ni zawadi kubwa kuliko jukwaa lolote la watu mashuhuri.

Sasa, vitawekwa wapi? Hili ndilo swali ambalo naliona halizungumzwi. Vinaweza kuwekwa ndani ya kuta za taasisi zenye walinzi getini, kwa sababu ni rahisi kwa usalama wa timu, halafu mashindano yakiisha geti likafungwa na nyasi zikawa za maonyesho. Au vinaweza kuwekwa kwenye kata zenye watoto wengi, kwenye viwanja vya shule za msingi na sekondari za serikali, vikatumiwa na timu za taifa kwa wiki mbili na watoto kwa miaka 30. Usalama kwa wiki mbili unawezekana popote, tumeshalinda mikutano ya marais katika mji huu. Na kila kiwanja kipate mtu wa nyasi aliyefundishwa kazi hiyo na anayelipwa kila mwezi, pamoja na fungu la vipuri na maji kwenye bajeti ya halmashauri. Mbombela ilikuwa na paa la mabilioni ikaaibishwa na nyasi.

Hili si jambo la Tanzania peke yake. Hoima, magharibi mwa Uganda, nao wamepata uwanja wa watu 20,000 uliojengwa na Summa ya Uturuki, kampuni ile ile iliyokarabati Amahoro kule Kigali. Hoima ni mji wa mafuta. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linaanzia huko na kuishia Chongoleani, Tanga. Umejengewa hata uwanja wa ndege mpya, Kabalega, ambao haukujengwa kwa sababu ya mpira lakini utaubeba mpira vizuri. Wengine wanaidharau Hoima wakisema ni mbali na Kampala na haina hoteli za kutosha. Mimi naiona ina kitu kimoja ambacho Arusha haina: timu. Kitara FC walikuwa wanacheza kiwanja chao kidogo kabla ya uwanja mpya, na 2024 wakachukua Kombe la Uganda kwa kuwafunga NEC 1-0. Watu wa Bunyoro walishajifunza kwenda uwanjani Jumamosi. Uwanja mpya unawakuta wakiwa tayari na wimbo wa kuimba.

Zanzibar pia ilitupa mfano Agosti 2025, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini kwao. Amaan ni uwanja mdogo ukilinganisha na Mkapa au Kasarani, lakini kundi gumu lilipelekwa pale: Senegal, Nigeria, Kongo Brazzaville na Sudan. Sudan, nchi iliyo vitani tangu Aprili 2023, wachezaji wake wakiishi na kucheza uhamishoni, iliwafunga Nigeria 4-0 pale Amaan, kisha ikawatoa Algeria kwa matuta katika robo fainali pale pale. Mpira mdogo wa mji mdogo haupo. Mechi ikiwa kubwa inaufanya mji wowote uwe mkubwa kwa usiku ule, na kazi ya mji ni kuhakikisha kwamba waliokuja, hasa waliokuja kutoka mahali pa mateso, wanakuta maji yanatoka, barabara inapitika na watu wana uso mkunjufu. Kwa hili la mwisho Wazanzibari hawahitaji somo, na sisi wa bara tunaweza kwenda kuwauliza walivyopanga usafiri wa mashabiki na vibanda vya chakula.

Kwa AFC nina pendekezo la moja kwa moja. Timu hii irudishwe kwenye mpango sasa, kabla ya 2027. Isipewe fedha za kununua wachezaji waliozeeka. Ipewe vijana, makocha wawili watatu wenye leseni, na ahadi ya maandishi kwamba kimojawapo cha viwanja vile vinne kitakuwa nyumbani kwake, kikiwa na saa zilizotengwa kwa timu za wasichana na za shule. Mechi zake zichezwe Sheikh Amri Abeid kwa kiingilio ambacho mwendesha bodaboda anaweza kulipa yeye na mwanawe. Ikipanda daraja, na mechi ikawa kubwa kuliko Amri Abeid, hapo ndipo iende Olmoti. Ratiba ya mwezi wa kwanza baada ya fainali ya AFCON iwe imeshaandikwa kabla ya mechi ya ufunguzi: nani anacheza Olmoti Agosti 2027, Jumamosi gani, saa ngapi, na kiingilio shilingi ngapi.